Unga wa kiwandani ndani ya bomba: kisa cha maji ya Jersey City, 1908

Wakili wa mji alidhani kamshika shahidi pabaya. Aliyekuwa akihojiwa ni daktari John L. Leal, na alikuwa ameshakiri kwamba tangu tarehe 26 Septemba 1908 anatia unga wa klorini, ule ule unaotumiwa viwandani kung'arishia vitambaa, katika maji ya kunywa ya Jersey City, Marekani. Wakili akamtaka ataje mahali pengine popote duniani ambapo jambo hilo limewahi kujaribiwa kwa mji wa watu 200,000. Leal akajibu hakuna, halijawahi kufanyika. Kwa hiyo Jersey City ndiyo ya kwanza kufanyiwa majaribio? La, ni ya kwanza kufaidika, majaribio yamekwisha. Uliuarifu mji kwamba unataka kufanya hivyo? Sikuuarifu. Wewe mwenyewe unayanywa maji hayo? Ndiyo. Ungewapa mkeo na familia yako? Leal akasema anaamini hayo ndiyo maji salama kuliko yote duniani.

Kila nikiyasoma majibizano hayo hukwama pale pale, kwenye "sikuuarifu". Tukizungumzia uvumbuzi wa mwanzoni mwa karne ya 20 tunakimbilia gari la Ford, ndege ya akina Wright, taa za umeme. Hivyo vilionekana, watu walitoka nje kuvishangaa. Hiki cha Leal hakuna aliyekiona. Mtu alilala usiku wa Ijumaa akiwa anakunywa maji ya aina moja, akaamka Jumamosi anakunywa ya aina nyingine, na bomba lilikuwa lile lile.

Tuanze na mkataba, maana kisa chote kimetokana na maneno mawili ya mkataba.

Jersey City iko ng'ambo ya Mto Hudson ukitokea Manhattan. Kwa miaka mingi ilikunywa maji ya Mto Passaic, mto ambao miji na viwanda vya juu yake viliugeuza kuwa mfereji wa majitaka. Homa ya matumbo ilikuwa mgeni asiyeondoka. Mwaka 1899 mji ukaingia mkataba na mkandarasi Patrick Flynn wa kuujengea chanzo kipya: ukuta wa bwawa huko Boonton, kwenye Mto Rockaway, na njia ya kuyaleta maji mjini, umbali wa kilomita kama 37. Gharama ilizidi dola milioni 7. Maji yakaanza kuingia mjini Mei 1904.

Mkataba ulitaka maji yawe, kwa Kiswahili chetu cha majukwaani, "safi na salama". Ninyi nyote mmeyasikia maneno hayo kila uchaguzi. Ni matamu mdomoni na hayapimiki. Safi kiasi gani? Salama kwa nani, masika au kiangazi? Huku kwetu maneno hayo huishia kwenye mabango. Jersey City waliyapeleka mahakamani: mji uligoma kulipa fedha yote, ukafungua kesi ukidai kampuni ya maji, iliyoichukua kazi ya Flynn, haikuleta kile ilichoahidi.

Jaji Frederic W. Stevens alisikiliza mashahidi wengi sana, wakiwemo karibu magwiji wote wa bakteria na uhandisi wa maji waliokuwepo Marekani wakati huo. Hukumu yake ya Mei 1908 ilikuwa ya mtu makini. Alikubali kwamba kwa sehemu kubwa ya mwaka maji yalikuwa mazuri. Tatizo ni mara mbili tatu hivi kwa mwaka, mvua kubwa zikinyesha.

Ukilijua bwawa, utaona kwa nini alikuwa sahihi. Maji yakituama kwa wiki nyingi, matope hutua, na vijidudu vya homa ya matumbo hufa pole pole kwa baridi, njaa na kuliwa na viumbe wengine. Bwawa lenyewe ni aina ya chujio. Ila juu ya bwawa la Boonton kulikuwa na miji midogo kwenye bonde la Rockaway, na miji ina vyoo, na vingine vilikuwa karibu mno na maji. Mvua ikija kwa kishindo huosha kila kilichopo ukingoni na kukisukuma kwa haraka. Zile wiki za kutuama hazipatikani tena. Aliyekunywa Jumatatu alikunywa salama, aliyekunywa baada ya gharika alicheza bahati nasibu, na hakuna kati yao aliyeijua tofauti, kwa sababu maji yenye vijidudu vya homa ya matumbo hayana rangi wala ladha ya kukuonya.

Jaji akaamuru kampuni irekebishe. Njia iliyotajwa waziwazi ilikuwa kujenga mabomba ya majitaka katika bonde zima ili uchafu usifike mtoni. Kazi hiyo ingekula fedha nyingi na miaka. Lakini amri iliacha mlango mdogo wazi: kampuni inaweza kuleta "mipango au vifaa vingine" vitakavyotoa matokeo yale yale. Kampuni ikaupita mlango huo mbio.

Hapa sitaki tujipambe. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya shujaa aliyewaokoa watu. Leal alikuwa mshauri wa afya wa kampuni, akilipwa na kampuni, na kampuni ilitafuta njia ya bei nafuu ya kukwepa kujenga mabomba ya majitaka. Moja ya hatua kubwa za afya ya jamii katika karne ile imezaliwa na mdaiwa anayetafuta unafuu.

Hata hivyo, Leal hakuwa mtu wa kuokotwa tu. Baba yake, daktari pia, alipata ugonjwa wa kuhara damu akiwa na jeshi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani; ulimsumbua miaka mingi na mwishowe akafa mwaka 1882. Leal mwenyewe alikuwa ofisa afya wa mji wa Paterson, jirani na Jersey City, mpaka 1899. Kazi ile ilikuwa ya kuingia kwenye nyumba za wagonjwa na kunyunyiza dawa ya kuua vijidudu baada ya ugonjwa kupita. Dawa yenyewe? Unga wa klorini. Kwa hiyo alikuwa ameushika kwa mikono yake, anajua harufu yake na anajua unafanya nini. Tofauti ni kwamba safari hii hakutaka kuutia kwenye ndoo ya kusafishia sakafu. Alitaka kuutia kwenye glasi ya mtoto.

Unga huo haukuwa kitu kipya hata kidogo. Unatengenezwa kwa kupitisha gesi ya klorini juu ya chokaa iliyozimwa, chokaa hii hii ya kupakia kuta, na viwanda vya nguo vya Uingereza vilikuwa vikiutumia tangu 1799. Watu walishautia kwenye maji kabla ya Leal: huko Maidstone, Uingereza, mwaka 1897, kusafishia mabomba baada ya mlipuko wa homa ya matumbo; huko Middelkerke, Ubelgiji, mwaka 1902; huko Lincoln, Uingereza, mwaka 1905, tena baada ya mlipuko. Wengi wa wataalamu wa maji waliichukia fikra hiyo. Kwao maji mazuri ni yale yanayotoka mahali pasafi au yaliyochujwa kwa mchanga. Kuyatia kemikali kulikuwa kukubali kushindwa, kama mpishi anayemwaga pilipili kuficha nyama iliyooza. Mimi sidhani waliona vibaya kabisa. Ukimruhusu mtu aweke dawa mwishoni, huenda akaacha kusafisha mwanzoni. Na ndicho hasa kampuni ilichotaka kufanya.

Basi kilichokuwa kipya ni nini, kama unga ulikuwepo na watu walishautumia? Jibu langu ni kipimo. Lincoln ilitia dawa kwa dharura, ugonjwa umeshaingia. Leal alitaka kutia kidogo sana, kila siku, kila dakika, mvua inyeshe isinyeshe, bila kukosea. Hilo si suala la kemia. Ni suala la uhandisi, na kwa hilo akamwita George Warren Fuller.

Fuller alikuwa mhandisi wa maji aliyeheshimika kuliko wengi. Miaka sita kabla alikuwa amejenga mtambo wa kuchujia maji huko Little Falls, New Jersey, ambako alum (shabu, ile inayokusanya matope ili yachujike) ilitiwa kwenye maji kwa mtiririko uliopimwa. Alichofanya Boonton ni kuchukua maarifa yale yale na kubadilisha dawa. Unga unakorogwa na maji kwenye matangi mpaka uyeyuke. Mchanganyiko huo unapitishwa kwenye chombo ambamo usawa wake haupandi wala haushuki, kisha unatoka kupitia tundu lenye ukubwa unaojulikana. Usawa ukiwa ule ule na tundu likiwa lile lile, kinachotoka kwa dakika ni kile kile. Mwenye kuuza maji kwa pipa lenye koki analijua jambo hili bila kusoma fizikia: pipa likijaa koki inamimina kwa nguvu, likikaribia kwisha inachuruzika. Fuller alihakikisha pipa lake halipungui kamwe.

Tangu Leal alipotoa uamuzi mpaka mtambo kuwaka zilipita siku 99. Siku 99 za kuchora, kujenga, kuagiza na kufunga. Mtambo ukaanza kutibu maji galoni milioni 40 kwa siku, yaani kama lita milioni 150.

Tupige hesabu, maana uzito wa kisa hiki umefichwa kwenye wepesi wa kipimo. Dawa iliyotiwa ilikuwa kiasi cha miligramu 0.2 za klorini kwa kila lita, wakati mwingine zaidi kidogo. Dumu letu la lita 20 lingepata miligramu 4. Chukua chembe chache za chumvi kwenye ncha ya kidole, ndiyo hiyo. Kwa mji mzima, lita milioni 150, ni kilo 30 hivi za klorini kwa siku. Katika unga wa wakati ule, ambao karibu theluthi moja tu ndiyo klorini inayofanya kazi, hiyo ni kama kilo 90, chini ya magunia mawili ya sementi. Wanaume wawili na kijiko kikubwa wangeweza kuukoroga kabla ya chai ya asubuhi, na mji wa watu zaidi ya 200,000 ukapata ulinzi wa siku nzima. Linganisha na kuchimba mitaro ya majitaka katika bonde zima.

Siku tatu baada ya mtambo kuanza, kesi ya pili ikafunguliwa. Safari hii ilisikilizwa na William J. Magie, mwanasheria mzee aliyeteuliwa na mahakama kuamua kama kifaa hicho kinatimiza amri ya jaji. Kwa upande wa mji walisimama William T. Sedgwick wa chuo cha teknolojia cha MIT na mtaalamu wa maji George C. Whipple, na hao hawakuwa watu wadogo. Sedgwick ndiye aliyewafundisha wengi wa vijana wa fani hiyo. Hoja zao zilikuwa na mashiko. Unga hauondoi uchafu, unaua tu vilivyomo. Kijidudu kilichojificha ndani ya tonge la uchafu huenda kisiguswe na dawa. Mtambo ukiharibika usiku mmoja, nani atajua? Na mwili wa mtu unywapo dawa hii miaka ishirini utakuwaje?

Hilo la mwisho halikujibiwa siku ile, na lilichukua muda mrefu kupata hata nusu ya jibu. Mwaka 1974 mtaalamu wa maji wa Rotterdam, Johannes Rook, alichapisha kwamba klorini ikikutana na mabaki ya majani na udongo wa mtoni hutengeneza misombo mingine, klorofomu ikiwa mojawapo. Leo miji mingi hupima misombo hiyo na kuiwekea kikomo. Kwa hiyo wakili aliyemhoji Leal kuhusu madhara ya baadaye hakuwa mjinga. Alikosea mizani tu: hatari ya wiki ile ilikuwa kubwa kuliko hatari ya miaka 60 mbele.

Leal naye alikuwa na jibu moja lisilopingika kirahisi, takwimu za maabara za kila siku. Vijidudu vilivyohesabiwa kabla ya dawa na baada ya dawa. Siku baada ya siku vilikuwa vikishuka karibu na sifuri, na ladha ya maji haikubadilika kiasi cha watu kulalamika. Magie alitoa ripoti yake Mei 1910: kifaa kina uwezo wa kuyafanya maji yawe safi na salama, na kinafanya kazi. Kampuni ikashinda.

Wakati huo miji mingine haikusubiri ripoti. Poughkeepsie, jimbo la New York, ilianza mwaka 1909, na nyingine zikafuatana kama kondoo mlangoni. Mwaka 1911 Chuo Kikuu cha Brown kikatia klorini kwenye bwawa lake la kuogelea. Mwaka 1914 serikali ya Marekani ikaweka kiwango chake cha kwanza cha vijidudu kwenye maji ya kunywa, kwa ajili ya treni na meli zinazopita toka jimbo moja hadi jingine. Angalia kilichotokea hapo: "safi na salama" ikapata tarakimu. Kabla ya kuwepo njia rahisi ya kufikia kiwango, hakuna aliyethubutu kukiandika.

Leal alifariki mwaka huo huo, 1914. Jina lake likasahaulika upesi, na sifa nyingi zikaenda kwa wenzake waliojua zaidi kuandika makala na kuzungumza mikutanoni.

Sasa, kilibadilisha maisha ya kila siku kwa kiasi gani? Hapa mchambuzi lazima awe mwangalifu. Katika Jersey City yenyewe, hatua kubwa ya mwanzo ilikuwa kuyaacha maji ya Passaic, na hilo lilifanyika kabla ya klorini. Anayekuonyesha grafu ya mji huo na kusema yote ni kazi ya Leal anakudanganya, au hajaitazama vizuri. Hata kwa Marekani nzima kuna ubishi. Mwaka 2005 wanauchumi David Cutler na Grant Miller walikadiria kwamba kuchuja maji na kuyatia klorini kulichangia karibu nusu ya upungufu wa vifo katika miji mikubwa mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye wenzao wakazirudia data hizo, wakasahihisha makosa waliyoyaona, na mchango ukaonekana mdogo zaidi. Kisichobishaniwa sana ni homa ya matumbo yenyewe: katika kizazi kimoja iligeuka toka ugonjwa ambao kila mtaa una aliyefariki kwao, ikawa ugonjwa wa kusoma kwenye vitabu vya udaktari.

Kuna badiliko jingine ambalo halimo kwenye takwimu. Ni imani. Mtu kufungua koki, kujaza glasi na kunywa papo hapo, bila kuchemsha, bila kuuliza mvua ilinyesha wapi jana. Nimekulia nyumba ambayo maji ya kunywa yalikuwa kazi: yachemshwe jioni kwenye sufuria kubwa, yapoe usiku kucha, yachujwe kwa kitambaa cheupe, yaingie mtungini. Yalikuwa na ladha ya moshi. Kazi hiyo ilikuwa ya mama na ya dada zangu, na kuni au mkaa wake ulikuwa na bei. Mtambo wa Fuller uliihamisha kazi hiyo toka jikoni kwa maelfu ya kina mama, ukaiweka kwenye chumba kimoja kule bwawani, mikononi mwa watu wawili watatu wanaolipwa mshahara. Mimi naona hilo ni kubwa kuliko gari la Ford.

Na pale ambapo chumba hicho hakipo, kazi inarudi nyumbani. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti akiwemo Michael Kremer, aliyepata baadaye tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2019, walijaribu njia mbali mbali za kuwapa watu klorini vijijini. Chupa za dawa zilizouzwa madukani zilinunuliwa na wachache, ingawa bei ilikuwa ndogo na watu walijua faida yake. Walipofunga kifaa cha dawa ya bure pale pale kisimani, unazungusha koki mara moja na kipimo cha dumu moja kinadondoka, watumiaji wakaongezeka mara nyingi. Wazo ni la Fuller, limepunguzwa mpaka likatoshea kwenye nguzo ya kisima: usimwachie mtu kupima, mpimie. Tofauti ni kwamba Busia mtu anazungusha koki mwenyewe. Anaweza pia kutoizungusha. Jersey City hawakupewa nafasi hiyo, na kama wangepewa mwaka 1908, kwa kura, sidhani kama unga wa kiwandani ungepita.

Nimejaribu kumweleza mama haya yote. Siku hizi ana bomba uani, na maji yakitoka yananuka dawa kidogo, hasa asubuhi. Anayakinga kwenye ndoo, anaiacha wazi usiku kucha, harufu inatoka, ndipo anayamimina mtungini. Nikamwambia klorini ikishatoka, ulinzi nao umetoka. Ukichota kwa kikombe kichafu baada ya hapo, hakuna tena wa kukukinga. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunika mtungi, akasema yeye hanywi dawa kama haumwi.